Nani alimwambia mtoto apende nini?

Wasomaji wangu, leo sina habari za wanasiasa. Wapumzike kidogo, na sisi tupumzike nao.

Sisi waandishi tukitumwa kuandika habari za shule ya msingi huwa tunarudi na mambo yale yale: madawati hayatoshi, vyoo vimejaa, matokeo ya darasa la saba yametoka, mkoa fulani umekuwa wa mwisho. Nimeziandika habari hizo mara nyingi kiasi kwamba naweza kuziandika nikiwa nimelala. Lakini siku moja nikiwa kwenye daladala nilijiuliza swali ambalo mhariri wangu hajawahi kunituma nikalitafute. Yule mtoto anayekaa kwenye dawati (au chini, kama dawati hakuna), ni nini hasa kinachomfanya apende kujifunza kitu kimoja na achukie kingine? Na ni nani aliyeamua apende nini?

Nikaanza kupekua. Nimesoma vitabu na ripoti za zamani, nimewahoji wazee wa kwetu Tanga, nimekaa na mama yangu mzazi jioni kadhaa nikimsumbua kwa maswali. Nilichokuta ni kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja wakubwa wamekuwa wakigombana juu ya jambo hili, na karibu kila mara wamemwekea mtoto jembe mkononi. Mtoto naye karibu kila mara ameangalia pembeni.

Tuanzie hapo hapo Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua shule ya serikali mjini Tanga, ikiwa ya kwanza ya aina yake katika koloni lao la Afrika Mashariki. Wamisheni walikuwa wameshatangulia na shule zao, lakini Waislamu wa pwani hawakutaka kupeleka watoto kwa padri. Kwa hiyo serikali ikaweka shule isiyofundisha dini, na lugha yake ikawa Kiswahili, kikiandikwa kwa herufi za Kizungu badala ya zile za Kiarabu ambazo watoto wa pwani walizijua chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani. Wajerumani hawakuwa na huruma yoyote katika hili. Walihitaji makarani, wakusanya kodi na maakida wanaoweza kuandika barua ambayo bwana mkubwa ataisoma.

Hata hivyo ona watoto walichopata mle ndani. Shule ya Tanga ilikuwa na mtambo wa kuchapa, na gazeti la Kiongozi lilitoka hapo hapo shuleni hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima. Watu wa bara na pwani waliandika barua na habari zao humo. Mimi kama mwandishi nikisoma habari hiyo nasisimka, kwa sababu hapo ndipo baadhi ya mababu wa kazi yangu walipojifunza kupanga herufi. Shule hiyo ilikuwa pia na bendi ya matarumbeta, na wakati huo huo pwani nzima ilikuwa inashikwa na wazimu wa ngoma ya beni, ambayo vijana waliicheza wakiiga gwaride na vyeo vya Wazungu. Mwalimu alitaka karani. Mtoto alichukua herufi, akachukua na tarumbeta, akaenda navyo alikotaka yeye.

Vita ikaisha, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia. Mwaka 1924 ikaja tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka Marekani, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, na ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, Dakta James Aggrey wa Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana. Tume ilizunguka Afrika Mashariki ikaangalia shule, kisha ikatoa ushauri kwamba elimu ya Mwafrika ilingane na mazingira yake: kilimo, afya, kazi za mikono, maisha ya kijijini. Kwa maneno hayo tu nani atakataa? Mtoto wa mkulima ajifunze kilimo. Lakini mawazo hayo yalitokana na shule walizowekewa watu weusi wa kusini mwa Marekani, ambako elimu ya jembe na seremala ilikuwa pia njia ya kumwambia mtu mweusi asiangalie juu sana. Wazazi wa huku hawakuwa wamesoma ripoti yoyote, lakini harufu hiyo waliisikia mapema.

Hapa lazima nisimame niwasimulie habari za Malangali, kwa sababu sijui kwa nini hatufundishwi habari hizi.

Mwaka 1928 serikali ilifungua shule Malangali, katika jimbo la Iringa (siku hizi ni wilaya ya Mufindi, na Malangali ni sekondari). Mkuu wake alikuwa Mwingereza aitwaye W. Bryant Mumford, kijana mwenye mawazo mengi. Mumford aliona shule za kawaida zinamtoa mtoto kwa wazazi wake na kumfanya mgeni nyumbani. Akataka shule itakayomfundisha kusoma na kuandika huku ikimwacha kuwa mtoto wa kabila lake. Basi wanafunzi wakaishi katika nyumba zilizofuata ujenzi wa wenyeji, wakavaa mavazi ya kienyeji badala ya kaptura na shati, na wazee wakaletwa kuwafundisha mila na historia ya kwao. Ngoma na kurusha mkuki vikawa sehemu ya masomo. Mumford aliandika habari za shule yake katika jarida la wataalamu huko Ulaya mwaka 1930, na wasomaji wa huko wakavutiwa sana.

Nakiri kwamba nilipoisoma mara ya kwanza hata mimi nilivutiwa. Shule inayowaheshimu wazee! Hadi leo tunalalamika kwamba watoto hawajui mila. Sasa fikiri wewe ni mzazi wa mwaka ule. Umemtoa kijana wako kwenye ng'ombe umpeleke kwa Mzungu ili apate kile alicho nacho Mzungu. Unakwenda kumtembelea, unamkuta ndani ya nyumba kama yako, kavaa kama wewe, anarusha mkuki uliomfundisha wewe mwenyewe. Utauliza, mimi nimetoa mtoto kwa ajili ya nini? Kaptura haikuwa kitambaa tu. Ilikuwa tiketi ya kuingia ofisini, na mtoto naye alijua hivyo. Mumford alipoondoka mpango wake haukudumu.

Sisemi Mumford alikuwa mtu mbaya. Nadhani alipenda kweli alichokuwa anakitazama. Tatizo ni kwamba aliamua peke yake ni kitu gani katika utamaduni wa mtoto yule kinastahili kubaki, na hamu ya mtoto ya kwenda mbele hakuihesabu kuwa sehemu ya utamaduni huo.

Babu yangu mzaa mama alisoma zama za Mwingereza, miaka ya mwanzoni ya 1950. Enzi hizo darasa la nne lilikuwa ukuta. Unafika pale, unafanya mtihani, wachache wanakwenda shule ya kati kuendelea hadi darasa la nane, wengine mnarudi nyumbani mkiwa na kalamu masikioni. Babu alirudi nyumbani. Alikuwa akisema kwamba shuleni walilima sana kuliko walivyosoma, na kwamba kilimo chenyewe walikuwa wanakijua kuliko mwalimu. Alichokumbuka kwa furaha ni gazeti la Mambo Leo, ambalo Idara ya Elimu ya Tanganyika ilianza kulitoa mwaka 1923, na vitabu vya hadithi vilivyotafsiriwa kwa Kiswahili: mashimo ya Mfalme Sulemani, kisiwa chenye hazina, Alfu Lela Ulela. Hadi anafariki alikuwa anaweza kukusimulia habari za maharamia wa baharini kana kwamba walikuwa wavuvi wa Pangani. Mitihani yote ilimwacha, shamba la shule likamchosha, lakini kitabu kimoja cha kuazima kikamfanya awe msomaji hadi kaburini. Kila wiki alimtuma mtu mjini amletee gazeti, hata kama lilikuwa la siku nne nyuma.

Wazazi nao hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1950 jumuiya ya wazazi ya TAPA, iliyokwenda bega kwa bega na TANU, ilisaidia wanakijiji kujijengea shule zao wenyewe. Ndugu msomaji, tafakari hilo. Watu masikini walichangishana shilingi na matofali kwa ajili ya shule ambayo serikali haikuwapa. Mtu akikwambia wazazi wa zamani hawakujali elimu, mwambie aende akasome habari za TAPA.

Uhuru ukaja. Kuanzia Januari 1962 shule zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, zikaunganishwa kuwa mfumo mmoja. Halafu ikaja Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Tukumbuke kwamba huyu bwana jina la Mwalimu halikuwa la heshima tu, kafundisha Tabora na Pugu, anajua chaki inavyokausha vidole. Alitaja idadi kwamba watoto 490,000 walikuwa shule za msingi mwaka 1961, na sasa wamefika 825,000. Kisha akasema jambo ambalo wanasiasa wa leo wasingethubutu kulisema hadharani: kwamba wengi mno wa watoto hawa hawatakwenda sekondari, ni kama 13 tu katika kila mia watakaopata nafasi, kwa hiyo ni makosa kumfundisha mtoto kana kwamba shule ya msingi ni ngazi tu ya kupandia sekondari. Shule ya msingi iwe elimu kamili yenyewe. Imwandae mtoto kwa maisha atakayoishi kweli, na kwa wengi wao maisha hayo ni ya kijijini.

Mwaka huo huo Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Hilo peke yake nadhani limefanya kazi kubwa kuliko mashamba yote ya shule yakiwekwa pamoja. Mtoto wa Kisambaa na mtoto wa Kisukuma wakaanza kucheka hadithi moja.

Lakini jembe likarudi. Sasa halikuwa jembe la Mwingereza, lilikuwa letu, na lilikuja na maelezo mazuri zaidi. Kila shule ikawa na shamba. Mwalimu Nyerere alitaka mtoto ashiriki kupanga, ajue kwa nini mbolea inawekwa, ahesabu mapato, aamue pamoja na wenzake faida itumike vipi. Yaani shamba liwe darasa. Katika shule nyingi, wanavyosimulia waliosoma wakati huo, lilikuwa shamba tu. Mtoto akichelewa anapewa tuta. Akifanya kelele anapewa tuta. Sasa ukimpa mtoto kilimo kama adhabu kwa miaka saba, halafu ukamwambia kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, unategemea akuelewe vipi?

Kuna mahali ambapo walijaribu kufanya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakufunzi wa chuo cha ualimu Korogwe, kwa msaada wa UNICEF, walianza majaribio katika shule ya kijiji cha ujamaa cha Kwamsisi, Handeni, mkoani kwetu. Wazo lilikuwa kwamba shule na kijiji viwe kitu kimoja. Masomo yatoke kwenye kazi na matatizo ya kijiji, na wanakijiji wenye ujuzi wao wawe walimu pia. Ukifananisha na Malangali utaona kwamba safari hii hakuna aliyemwambia mtoto avae kama babu yake. Alitakiwa ashirikiane na babu yake kubadilisha kijiji. Ni wazo zuri, na lilisambazwa kwa jina la shule za jamii.

Ila mtihani wa darasa la saba haukuwa wa Kwamsisi. Ulikuwa wa taifa zima, na haukuuliza ulichofanya kijijini. Mzazi wa Kwamsisi alijua kama alivyojua mzazi wa Malangali kwamba mlango ni mmoja na ufunguo ni mmoja. Kama mtihani unauliza mto mrefu kuliko yote Afrika, mwanangu afundishwe mto huo, kisima cha kijiji tutakichimba Jumamosi. Unaweza kuandika mtaala wowote unaoutaka. Mtoto na mzazi wanasoma mtihani.

Sasa tumefika kwa mama.

Novemba 1974 chama kilikutana Musoma kikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Hiyo ndiyo UPE. Wanafunzi wa shule za msingi walikuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wamepita milioni 3. Utawapata wapi walimu wa watoto wote hao kwa miaka mitatu? Serikali ikawachukua vijana maelfu kwa maelfu waliomaliza darasa la saba, ikawafundisha ualimu huku wakifundisha. Hao ndio walimu wa UPE, waliochekwa sana na watani. Mama yangu alianza darasa la kwanza mwaka 1975 na aliyemfundisha kusoma alikuwa kijana wa UPE, ambaye kwa mujibu wa mama alikuwa na suruali mbili na sauti nzuri ya kusoma hadithi.

Nilimuuliza mama alipenda nini shuleni. Hakufikiri hata sekunde moja. Kibanga! Wale wa umri wake mnacheka, najua. Hadithi ya Kibanga aliyempiga mkoloni ilikuwa katika kitabu cha Kiswahili cha shule, na sijawahi kukutana na Mtanzania wa kizazi hicho asiyeijua. Fikiria maana yake. Baba yake, yaani babu yangu, alikulia kwenye hadithi za maharamia wa Kizungu. Yeye alikulia kwenye hadithi ya mtu wa kijijini, mwenye jina la kijijini, anayemtwanga bwana shauri. Kwa miaka ya watoto wa mama, ukoloni haukuwa tarehe za kukariri. Ulikuwa ugomvi ambao mtu wetu ameshinda.

Na kulikuwa na redio. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na kipindi cha Mama na Mwana, kikiendeshwa na Debora Mwenda, na mama anasema mtaa mzima ulikuwa kimya saa hiyo. Nyumba yenye redio ilijaa watoto wasio wa nyumba hiyo. Hakukuwa na mtihani wa Mama na Mwana, hakukuwa na fimbo, lakini watoto walizibeba zile hadithi hadi Jumatatu wakasimuliana tena njiani wakienda shule, kila mmoja akiongeza chumvi yake. Mwalimu wa Kiswahili angetafuta zoezi bora la kujieleza asingelipata.

Jambo la tatu lilinishangaza zaidi. Mama anasema kilichomfanya aone kusoma ni kitu cha maana ni bibi. Tangu serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, ngumbaru ilienea nchi nzima, na bibi alikuwa anakwenda jioni darasa lile lile, kwenye dawati lile lile alilokaa mama asubuhi. Wakirudi wanakaa karibu na kibatari, mama darasa la pili na bibi ngumbaru, wanashindana kusoma maneno kwenye kanga. Hakuna mtaala wa taifa ulioandika zoezi la kusoma kanga na mama yako mzazi. Lakini mimi nikiulizwa ni nini kilimjenga mama, nitaweka lile juu ya vyote.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1981. Alitaka kuwa muuguzi. Nafasi za sekondari za serikali wakati huo zilikuwa chache sana, mtoto alikuwa na bahati kubwa akipata, na ziligawiwa kwa mafungu ya mikoa na wilaya. Majina yalibandikwa ubaoni. Lake halikuwepo. Mama hakusimulia sehemu hii kwa huzuni, aliisimulia kama mtu anayekutajia bei ya sukari, na ndiyo maana iliniuma. Nyerere alishasema mwaka 1967 kwamba wengi hawatakwenda, na kwamba shule imwandae mtoto kwa hilo. Shule ya mama ilikuwa imemfundisha kulima matuta, na alijua kulima kabla ya kwenda. Ilichompa kisichopatikana nyumbani ni kusoma. Hadi leo yeye ndiye msomaji wa maelekezo ya dawa kwa nusu ya mtaa wetu.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka maana inajulikana. Vita ya Kagera, mafuta kupanda bei, nchi kukosa fedha za kigeni, madaftari kuadimika. Mwaka 1984 michango ya shule ikarudi, na watoto wengi wakabaki nyumbani. Miaka ya 1990 zikaruhusiwa shule binafsi za msingi zinazofundisha kwa Kiingereza, na kuanzia hapo watoto wa nchi moja wakaanza tena kucheka hadithi tofauti. Jambo moja zuri la wakati ule halitajwi sana: mwaka 1991 ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto, kwa msaada wa shirika la CODE la Canada, ili kuchapisha vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa ajili ya watoto. Nimesoma vitabu hivyo nikiwa mdogo, vyembamba, vyenye picha, vinanukia wino. Vilikaa kabatini ofisi ya mwalimu mkuu, na tuliruhusiwa kuvishika akija mgeni.

Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006. Wanafunzi waliokuwa milioni 4.4 mwaka 2000 wakafika zaidi ya milioni 7 katikati ya muongo huo. Mimi niliingia darasa la kwanza mwaka 2005. Madarasa mapya yalinukia saruji, tulikuwa tukikaa watatu watatu, na wa zamu ya mchana walikuwa wanatusubiri dirishani. Mimi nilijulia kusoma kwenye magazeti yaliyofungia vitumbua. Mama anauza vitumbua, mimi nasoma karatasi kabla hazijalowa mafuta. Wengine hamtaamini lakini nilikuwa najua majina ya wachezaji wa Simba na Yanga kwa maandishi kabla sijajua kuandika jina la baba yangu vizuri.

Kwamba tulikuwa wengi darasani haikumaanisha tulikuwa tunajifunza. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walikwenda nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, wakagundua kwamba mmoja kati ya watano waliokuwa wanamaliza darasa la saba hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikubali kwamba zaidi ya watoto 5,000 walichaguliwa kuingia kidato cha kwanza huku hawajui kusoma na kuandika. Na mwaka huo huo mtihani wa darasa la saba ukawa wa kuchagua jibu na kusahihishwa kwa mashine, hisabati nayo ikiwemo. Mtoto asiyejua akawa na nafasi ya kubahatisha, mtoto anayejua akakosa mahali pa kuonyesha njia yake. Kuanzia mwaka 2015 ndipo madarasa mawili ya kwanza yakawekewa mtaala unaosisitiza KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Nimekaa nyuma ya darasa moja la namna hiyo kwa kazi yangu, mwalimu mmoja, watoto zaidi ya themanini, na kadi za silabi zilizokatwa kwenye maboksi ya sabuni. Watoto walikuwa wakiinuka kwenye madawati kwa hamu ya kutajwa. Wale hawakuhitaji kuambiwa wapende kusoma. Walihitaji zamu yao ifike kabla kengele haijalia.

Sasa nyumbani kwetu kuna ubishi. Mpwa wangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali, na anasoma kwa mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024. Toleo la mwaka 2023 la sera ya elimu limeamua kwamba shule ya msingi itakuwa ya miaka sita na kwamba elimu ya lazima itakuwa miaka kumi, kwa hiyo ule ukuta uliomzuia babu darasa la nne na mama darasa la saba unatakiwa usiwepo kwake. Lakini dada anataka kumhamishia shule ya Kiingereza, ada yake kwa mwaka inazidi faida ya vitumbua vya mama. Shemeji anasema hapana. Mama anasema mtoto anajifunza kwa lugha anayoota nayo. Mimi wananiita nitoe uamuzi eti kwa sababu ni mwandishi.

Nilichofanya ni kukaa na mjomba mdogo mwenyewe siku nzima. (Ananiita mjomba nami namwita mjomba, ndivyo tulivyo.) Anapenda hesabu, na hazikuanzia darasani. Zimetoka kwenye katuni za Ubongo Kids, ambazo zilianza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, kabla hajazaliwa, naye anaziangalia kwenye simu ya baba yake bando likiwepo. Anapenda kinyonga na ana mmoja kwenye mpera. Hapendi kuimba mbele ya darasa. Anamwogopa mwalimu mmoja kwa sababu ya fimbo, ingawa kanuni za mwaka 2002 zinataka fimbo zisizidi nne na zitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa kibali naye kwa maandishi. Shuleni kwao kuna bustani ya mchicha, na nilipomuuliza juu yake alisema ni ya waliochelewa.

Nikamuuliza kama anajua Kibanga ni nani. Akauliza, anachezea timu gani?

Dada amepewa hadi mwisho wa mwezi huu kulipa ada ya kwanza la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Jumapili tunakaa kikao, na mama amesema safari hii mtoto naye aitwe.